Mtoto Mwenye Adabu Kuliko Wote

Mmeniomba, wenzangu wa ustawi, niandike kwa sababu nimestaafu na, kama alivyosema mmoja wenu, sasa nina muda. Ni kweli, muda ninao. Kuku wachache na migomba ya uani haviwezi kumshughulisha mtu aliyezoea kuamka na matatizo ya watu. Siku mliyoniaga mlinivika khanga, mkaniimbia, mkasema maneno mazuri mpaka nikainamisha kichwa. Mlidhani nalia. Sikuwa nalia. Nilikuwa nimeona aibu, na leo ninapoandika haya bado ninaiona.

Basi mambo ya vyeo na mishahara yaacheni huko huko yaliko. Nitawaeleza kazi ilivyokuwa, lakini mjue mapema kwamba yote yanaelekea kwa mtoto mmoja. Jina lake Ndeshi, binti wa mdogo wangu Elisante, naye alikuwa darasa la pili nilipokaribia kustaafu. Aliishi kwa hofu katika nyumba niliyozaliwa mimi, wakati mimi ndiye afisa ustawi wa jamii ambaye watu wa mlimani walimjua kwa kuwatetea watoto. Swali lilikuwa kama hofu ile ingemtoka, au angekua nayo hadi awe mama wa watu.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa Old Moshi, nimetoka chuoni, nimevaa viatu vya kisigino. Nilikabidhiwa kwa Bi Hawa anifundishe kazi, mama wa mjini, Mwislamu, baba yake fundi cherehani na mama yake mtu wa Pangani, mwanamke aliyeweza kukaa kimya muda mrefu mpaka wewe ndiye useme. Alinitazama kuanzia chini.

"Hivyo viatu," akasema, "unakwenda harusini kwa nani?"

"Ndivyo nilivyo navyo, Bi Hawa."

"Haya. Basi leo utavibeba mkononi."

Nilivibeba kweli. Tulishuka Kahe, kwenye mashamba ya mpunga, na tope la mifereji halikujali kwamba nina cheti. Tulikwenda kumwona mtoto aliyekuwa akiishi na mama wa kambo, majirani wakisema anapigwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maswali. Bi Hawa hakuuliza hata moja. Alikaa mkekani, akavuta ungo wa maharage na kuanza kumenya pamoja na mwenyeji, wakaongea habari za mvua na za ndege waharibifu. Tulipoaga, alitoa pipi kwenye pochi akamnyooshea mtoto.

Njiani akaniuliza, "Umeona?"

"Nimeona amekataa pipi."

"Hujaona kitu. Mtoto akipewa kitu kizuri, macho yake yanakwenda wapi kwanza? Asiyekuwa na hofu anaitazama pipi. Yule alitazama mkono wa mama yake."

Somo hilo nimewafundisha wengi wenu. Nimelirudia kwenye semina mpaka mkawa mnalimalizia wenyewe kwa kunitania. Naomba mkumbuke kwamba nililijua tangu siku ya kwanza, maana sitakuwa na pa kujificha baadaye.

Vifaa vya kazi havikuwa vingi. Nilikuwa na kitana, kamba ya kurukia, na wanasesere niliowasuka kwa majani makavu ya mgomba, wabaya wa sura, ambao watoto waliwapenda kwa kuwacheka. Kitana ndicho kilichofanya kazi kubwa. Ukimketisha mtoto kwenye kigoda, wewe ukakaa nyuma yake ukamchana nywele taratibu, hakuoni uso nawe huuoni wake. Maneno ambayo hayatoki mkitazamana hutoka hapo, moja moja, katikati ya malalamiko kwamba unamvuta. Wavulana nilikwenda nao kukata majani ya ng'ombe. Mikono ikiwa na kazi, mdomo hujisahau. Wakubwa zangu waliotoka makao makuu waliniuliza mara moja mbinu hii inaitwaje kitaalamu. Nikawaambia inaitwa kuchana nywele.

Kifaa kibaya kuliko vyote kilikuwa gari la ofisi, lile jeupe. Likipanda barabara ya Marangu, watu walitoka vihambani, kwenye mashamba yao ya migomba, kuangalia linakata kona kwa nani, na hapo linaposimama pana aibu ya mwaka mzima. Kuna msichana aliyejificha katikati ya mibuni siku nzima kwa sababu wenzake walikuwa wakimwita mtoto wa ustawi. Mimi ndiye niliyemletea jina hilo, na gari langu. Tangu hapo nililiacha chini barabarani, dereva akapata usingizi wake, nami nikapanda kwa miguu na mzigo wa majani kichwani kama mgeni mwingine yeyote mwenye heshima kwa ng'ombe wa mwenyeji.

Miaka ya mwanzo tulijisifu kwa kuwatoa watoto majumbani. Tulimwona mtoto anaumia, tukamchukua, tukampeleka kituoni mjini, tukarudi tumeshiba sifa. Kulikuwa na kijana mmoja wa Marangu, baba yake mpagazi wa kupandisha mizigo ya watalii, mkali asiye na kiasi. Tulimtoa mdogo. Alikulia kituoni, akasoma, akaongea Kiingereza kizuri kuliko mimi. Alipokuwa mkubwa alikuja ofisini wiki ya Krismasi, wakati ambapo kila Mchaga duniani anapanda basi kurudi nyumbani, akaniuliza kwa upole, "Mama, mimi narudi kwa nani?" Tulimwokoa kutoka kwa baba yake na tukamnyang'anya pia shangazi, bibi, majirani na njia ya kwenda mtoni. Nilimpa chai. Ndicho nilichokuwa nacho.

Ndipo tukaanza mpango wa majiko. Huu ndio mnaousifia, kwa hiyo nitausema vizuri. Tuliamua kwamba kila njia ya miguu inayopita katikati ya vihamba iwe na jiko moja ambalo mtoto anaweza kuingia bila hodi. Mwenye jiko haulizi kwa nini umekuja. Anakupa ndizi ya kuchoma au kikombe cha uji, anakuacha ukae karibu na moto, na anakujua kwa jina. Mara kwa mara anapita kwenye nyumba za njia yake kusalimia, na akiona jambo analeta habari kwangu. Tuliwaita mama wa jiko. Hawakuwa wataalamu. Walikuwa watu wazima ambao mtoto akiwaona mabega yake yanashuka, na nimeishi kuona kwamba mtoto aliyeumizwa na mtu huponywa na mtu, taratibu, kwa kurudiarudia, kwa uji uleule na sauti ileile.

Kwenye njia ya kwetu Old Moshi, mama wa jiko alikuwa Kandida. Mjane, mnene, sauti yake inasikika ng'ambo ya bonde, anapika mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kuuza. Watu wa kanisani kwetu waliguna kuhusu hiyo mbege, na mimi niliguna nao kidogo kabla ya kukubali. Siku ya kuanza tulitembea naye njia nzima, nyumba kwa nyumba, nikimtambulisha. Tulipofika kwenye uzio wa masale wa nyumba ya marehemu baba, ambapo Elisante anaishi kwa kuwa ndiye kitindamimba na kwa desturi yetu kihamba cha baba ni chake, nilisema, "Hapa ni kwetu, tupite."

Tulicheka, tukapita.

Sikulisema kwa hila. Lilinitoka tu. Nani angehitaji kuangaliwa katika nyumba ya mama ustawi? Kandida alinielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Alizitembelea nyumba zote za njia ile kwa miaka, na ile moja hakuigusa, kwa heshima yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu Elisante, maana mtamfikiria mlevi, na hakuonja pombe. Alikuwa mpagazi, akaumia goti, akarudi nyumbani kulima na kufuga. Mtu nadhifu, mwimbaji wa kwaya, viatu vyake viling'aa hata msimu wa mvua. Mke wake alikwenda Arusha kufanya kazi, akawa haji tena, na yeye akabaki na Ndeshi. Alisema mbele ya wote kwamba mwanawe hatakuwa kama mama yake. Sisi dada zake tulimsifia. Mwanaume anayelea peke yake, tukasema, na angalieni mtoto alivyotunzwa.

Krismasi ya mwisho kabla sijastaafu, tulikutana nyumbani ukoo mzima. Mbuzi alichinjwa, kisusio, supu ya damu ya mbuzi, kilipikwa, watoto wa mjini walikimbia huku na huko wakivunja vitu na kuongea na wakubwa kama wanaongea na wenzao. Ndeshi alipita na jagi la maji akitunawisha mmoja mmoja. Hakumwaga hata tone. Alipiga magoti. Alivaa sweta la mikono mirefu na jua lilikuwa kali. Nilimletea gauni, nikamnyooshea, naye kabla hajalishika alimtazama baba yake.

Elisante akaitikia kwa kichwa. Mtoto akapokea kwa mikono miwili.

Na mimi, mwanafunzi wa Bi Hawa, nilisema kwa sauti ili wajukuu zangu wasikie: "Mnamwona Ndeshi? Huyu ndiye mtoto mwenye adabu kuliko wote hapa. Igeni kwake." Watu wakaitikia. Elisante akatabasamu kwa fahari, na nadhani maneno yale yalimpa nguvu za mwaka mzima.

Kandida alikuja ofisini kwangu baada ya Pasaka. Hakuwahi kufika mjini kwa ajili yangu kabla ya siku hiyo. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani na alikaa kwenye ncha ya kiti.

"Mama Aika," akasema, "nimekuja na jambo, na sijui nianzie wapi, aisee."

"Anzia popote, Kandida."

"Mtoto wa Elisante amekuwa anakuja jikoni kwangu. Sio leo wala jana. Anakuja, anakaa nyuma ya kuni, haongei. Nampa uji. Akisikia mtu anakohoa njiani, anakimbia." Alishika ukingo wa kitenge chake akaukunja. "Juzi alimwaga maziwa. Baba yake akamchapa kwa kamba ya ng'ombe. Nimeuona mgongo, mama. Yeleuwi, nimeuona. Na siyo alama za siku moja."

"Na hukuniambia?"

"Tungekuambiaje? Sisi huwa tukiona jambo tunalileta ustawi. Hili ni la kwa ustawi kwenyewe. Tuliona aibu. Tulisema utaona tumekuvunjia heshima."

Hapa ndipo penye aibu yangu, na nitaisema bila kuipamba. Swali langu la kwanza halikuwa mtoto yuko wapi. Nilimuuliza Kandida, "Nani mwingine anajua?"

Aliachia ukingo wa kitenge. Halafu akajibu, "Njia nzima, mama."

Nimeulizwa swali hilo na akina baba na akina mama wengi sana, nikiwa nimesimama uani kwao, na kila mara niliwadharau kimoyomoyo. Nilikuwa nikiondoka nasema, hawa wanajali sura zao kuliko mtoto wao. Sasa lilikuwa limetoka kinywani mwangu, kwa sauti yangu ya ofisini, na nilitamani sakafu ile ipasuke. Niliinamia daftari nikaandika tarehe, Kandida asinione uso. Hata wakati huo nilikuwa bado naficha.

Sheria ya kazi iko wazi kwamba ndugu hashughulikii jambo la ndugu. Nilimwita Saumu, ambaye wengi wenu mnamjua, binti wa Moshi mjini niliyemfundisha mwenyewe, nikamkabidhi. Aliandika maelezo ya Kandida, akanigeukia, "Shangazi wa mtoto ni nani?" Alijua. Alitaka nijibu. Nikajibu. Alasiri hiyohiyo alipanda Old Moshi na askari wa dawati la jinsia na watoto, kwa miguu, gari wameliacha chini. Ndeshi alipelekwa hospitali, na kutoka hapo akaletwa jikoni kwa Kandida, kwa muda.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, ukoo ulikuja kwangu. Aliongoza baba mdogo Anaeli, mkubwa kuliko wote waliobaki, na nyuma yake Elisante, suti na tai, macho mekundu. Baba mdogo alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Kwa mtu asiye wa kwetu, lile ni jani tu la mmea unaoota kwenye mipaka ya vihamba. Kwetu, anayekujia na isale anaomba msamaha, na kumkatalia ni jambo ambalo watu hulisimulia hata ukishakufa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hatukai sana." Alilinyoosha jani. "Mdogo wako amekosa. Anajua. Ametuma sisi. Pokea, jambo liishie nyumbani. Mtoto atarudi kwao, na wewe utakuwa unamwangalia. Nani anajua kazi hiyo kukushinda wewe?"

Elisante akasema, akitazama viatu vyake, "Dada, wananicheka kwaya nzima."

Naomba mnielewe. Nilitaka kulipokea. Mkono wangu ulikwishaanza kuinuka. Nilifikiria jina la baba yetu, nilifikiria sherehe yangu ya kustaafu, nilifikiria ingekuwa rahisi namna gani. Kisha nikawaza kwamba kutoka kwangu jani lile lingepelekwa kwa Ndeshi. Wangemketisha mbele ya watu wazima wote wale, wangemwekea isale kwenye kiganja, wangemwambia baba yako ameomba. Na yeye, kwa adabu ile niliyomsifia, angepiga magoti akalipokea kwa mikono miwili.

"Baba mdogo," nikasema, "jani hilo hamkulileta mahali pake. Mgongo uliochapwa siyo wangu."

"Basi tutalipeleka kwa mtoto."

"Kwa mtoto halipelekwi."

Mmoja wa shangazi zangu alishika mdomo.

"Unakataa isale?" baba mdogo akauliza, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeogopa kwa niaba yangu.

"Isale anapewa mtu anayeweza kukasirika," nikasema. "Huyu hajui hata kukasirika. Akishajua, akiwa mkubwa, Elisante atalikata mwenyewe na kumpelekea. Mimi sitakuwa mlangoni kumzuia."

Waliondoka bila kunywa chai. Elisante alibaki nyuma kidogo, akanishika kiwiko. "Mbona baba alituchapa na sisi," akasema, "na wewe umekuwa mtu mkubwa?" Nilimwambia aende, Saumu anamsubiri kesho. Jibu lilinijia baadaye, nikiwa naosha vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea: kwamba labda ndiyo maana sikuona kitu Krismasi. Nililelewa ndani ya ukimya ule. Kwangu uliitwa malezi mema, na nimekwenda nao kazini maisha yangu yote bila kujua nimeubeba.

Kikao kilifanyika ofisi ya kijiji. Upande mmoja huwekwa meza ya ustawi, ambapo nimekaa miaka yangu yote, na upande mwingine benchi la ndugu. Benchi lile ni fupi mno kwa watu wazima, magoti yanapanda juu. Sikuwahi kulijua hilo. Saumu aliniuliza maswali kwa heshima, bila kuniita bosi.

"Mama, mara ya mwisho kabla ya haya ulimwona mtoto lini?"

"Krismasi."

"Uliona nini?"

Majirani walikuwa wamejaa dirishani, wale ambao nimewahi kuwakalisha kwenye benchi hilohilo. "Niliona adabu," nikasema. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nilikuwa nimejipanga kuomba Ndeshi aje kukaa kwangu mjini. Nyumba ninayo, utaalamu ninao, na nilidhani hiyo ingekuwa njia ya kurekebisha. Nilisimama nikasema hivyo, kwa ufasaha. Saumu akaniambia kwamba amekwisha kumuuliza mtoto, siku aliyokuwa akimchana nywele.

"Alisema nini?"

Saumu alifunga faili lake. "Alisema hapana, mama. Alisema kwa shangazi lazima akae vizuri."

Nilikaa chini. Iliamuliwa kwamba Ndeshi abaki kwa Kandida, mahakama ikaidhinisha. Elisante akapewa masharti, na kati ya hayo ni kuhudhuria kundi la akina baba wanaojifunza kulea bila fimbo, na kumwona mwanawe kwa Kandida tu, mbele ya watu, pale mtoto atakapokubali. Anahudhuria. Kwenye kwaya hakurudi mpaka leo. Mimi ukoo ulinisusa kwa muda, kisha ukachoka.

Niliwaza kama niache kazi kabla ya siku zangu. Saumu alinikataza, akisema kuna jambo moja linahitaji mimi. Tulirudi kwenye njia zote za mlima, na kwa kila mama wa jiko nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba hakuna nyumba ya kurukwa: siyo ya mchungaji, siyo ya mwenyekiti, siyo ya mwalimu, siyo ya afisa ustawi. Nilieleza kwa nini. Wengine walishajua, wakanitazama kwa huruma, nayo huruma ya watu uliowafundisha kazi si kitu chepesi kukimeza. Katika wiki zile tuliletewa habari za watoto ambao nyumba zao tulizipita kwa heshima. Hilo ndilo ninalowaachia kama kazi. Heshima mnayompa mtu mzima isiwe ukuta wa kumficha mtoto wake.

Kwa Kandida sikwenda haraka. Saumu alisema mtoto bado analala na viatu, tayari kwa kukimbia. Baadaye akasema amevivua. Baadaye tena akasema amegombana na mtoto wa jirani na kumtupia ganda la ndizi, akanieleza kwa furaha utadhani ameshinda mashindano.

Nilikwenda mwezi uliopita, na mzigo wa majani ya ng'ombe. Kandida alinikaribisha jikoni. Ndeshi alikuwa amechuchumaa karibu na moto akigeuza ndizi, amevaa gauni la mikono mifupi, nywele zimesukwa vibaya, kazi ya Kandida bila shaka. Aliniona. Hakuinuka.

"Ndeshi, mwamkie shangazi," Kandida akasema.

"Sitaki."

"Wewe mtoto! Shangazi yako huyo, mwambie shikamoo."

"Sitaki kumwamkia."

Alisema akinitazama usoni, wala hakumtazama Kandida kwanza. Kandida alifungua mdomo amkaripie, kwa ajili yangu tena, kwa heshima yangu. Nikamwambia, "Mwache, tafadhali." Uso uliniwaka. Mtu wa umri wangu kunyimwa shikamoo na mtoto wa ndugu yake, jikoni kwa watu, si jambo dogo huku kwetu, na nilistahili kila kipande chake. Nilikaa kwenye kigoda, nikapewa chai. Mimi na Kandida tukaongea habari za ng'ombe. Ndeshi alikula ndizi yake akiipuliza, akamwaga maji ya kunywa kifuani, akajifuta kwa mkono, akaendelea kula. Sikumsemesha. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyapanga njia nzima, nikayaona ni yangu zaidi kuliko yake, nikayameza pamoja na chai.

Alipomaliza alikwenda kusimama karibu na Kandida, akamshika kitenge, akauliza kwa sauti ambayo haikujaribu kujificha, "Huyu akimaliza chai ataondoka?"

Kandida akanitazama.

"Nitaondoka," nikamjibu Ndeshi.

"Basi maliza."

Nikamaliza, nikaondoka.